Mstari Mweupe wa Babu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, Babu Wanyonyi alikuwa akifungua boneti ya gari lake kuukuu mbele ya nyumba yetu mtaani Kaloleni. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwa kitambaa, akakirudisha, kisha akakichomoa tena na kukitazama kwa jicho moja. Nyanya Annah alipokuwa hai, yeye ndiye aliyemimina oili, nami nilishika mfuniko. Babu alitusimamia kana kwamba bado alikuwa kazini kwenye reli. Namkumbuka Nyanya akiimba huku akimimina, na hadi leo nikiona mkebe wa oili nashikwa na hamu naye.

Babu alitoka reli na tabia moja. Kila mfuniko alioufunga aliuchora mstari mweupe wa rangi, nusu kwenye mfuniko na nusu kwenye kitu chenyewe. Nusu hizo zikikutana, basi mfuniko umefungwa barabara. Hata mtungi wetu wa maji ulikuwa na mstari. Majirani walimtania, naye hakujali.

Nyanya alipofariki, Babu alianza kupima oili peke yake, kimya, wala hakuniita tena. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili.

Jumamosi moja wakati wa likizo, Babu alikwisha kupima oili na kwenda kwenye mkutano wa wazee ukumbini. Nilifungua boneti nikaongeza oili kidogo tu. Gari halikuhitaji oili. Mimi ndiye niliyehitaji kuushika ule mfuniko. Mara wenzangu wakaniita tukacheze netiboli. Niliurudisha mfuniko, nikauzungusha mara moja, nikakimbia.

Kesho yake tulipotoka kanisani, gari lilijaa harufu ya oili inayoungua. Moshi mwembamba ukatoka pembeni mwa boneti. Babu aliendesha polepole hadi nyumbani.

"Injini imechoka," alisema jioni. "Nimempigia Bwana Hirad. Atakuja Jumanne kulichukua."

Bwana Hirad alinunua magari makuukuu na kuyafungua ili auze vipuri. Niliwaza kiti cha mbele alichokuwa akikalia Nyanya, kikiuzwa peke yake. Usiku huo sikula vizuri.

"Babu, Fundi Nerima alitazame kwanza," nilimsihi. Alikubali, nadhani kwa kunihurumia.

Fundi Nerima alikuja Jumatatu na kisanduku chake cha vifaa. Baba yake alifanya kazi reli pamoja na Babu. Aliwasha gari, akaenda nyuma kutazama bomba la moshi.

"Mzee, huku nyuma hakuna moshi wa samawati," alisema. "Kama injini ingekuwa inakula oili, tungeuona hapa. Hii oili inamwagikia nje."

Alizima gari, akangoja lipoe, kisha akafungua boneti. Oili ilikuwa imetiririka kutoka juu ya injini hadi pale bomba la moshi linapoanzia kwenye injini, mahali penye joto kali. Akafuata njia yake kwa kidole, akipanda juu, juu, hadi kwenye mfuniko uliolowa oili na vumbi. Alipoupangusa, ule mstari mweupe ukaonekana. Nusu zake zilikuwa zimeachana.

"Haukufungwa hadi mwisho," alisema Fundi Nerima. "Injini iko sawa kabisa."

Nilidhani Babu angefurahi. Badala yake aliketi kwenye ngazi ya mlango, mikono magotini.

"Basi ni mimi," alisema. "Miaka yote ile reli sikuacha hata nati moja imelegea. Sasa nimesahau mfuniko. Hirad alichukue tu. Mtu anayesahau hivi asibebe mtoto wa watu."

Ningeweza kunyamaza na hakuna ambaye angejua. Lakini nilimtazama Babu akiichunguza mikono yake kana kwamba imemsaliti, na nikaona aibu kubwa.

"Si wewe, Babu," nilisema huku nikilia. "Ni mimi. Niliongeza oili ulipokuwa ukumbini. Nilishikwa na hamu na Nyanya. Sikuutazama mstari."

Fundi Nerima aliendelea kupangusa oili, akijifanya hasikii.

"Hata mimi nina hamu naye," Babu alisema hatimaye. "Ndiyo maana sikukuita. Nilidhani nitakuumiza."

Fundi Nerima alifunga mfuniko hadi nusu mbili zikakutana. Tulilijaribu gari hadi mtaa wa Donholm na kurudi. Mwanzoni harufu ilibaki kidogo, na Fundi akasema ni oili iliyosalia inaungua iishe. Tulipofika Kaloleni haikuwapo tena. Babu akampigia Bwana Hirad kumwambia asije.

Kisha akaleta mkebe wa rangi nyeupe na kunipa brashi.

"Mfuniko uliolegea tungeukaza kwa mkono mmoja," alisema. "Lakini ungenyamaza, ningeishi nikiamini akili yangu imeniacha. Ukikosea, sema mapema, mjukuu wangu. Ukweli wako unaweza kuwa dawa ya mtu mwingine."

Nilichora mstari mpya juu ya ule wa zamani. Ulipinda kidogo, na Babu akauacha vivyo hivyo. Jumamosi iliyofuata, kabla ya chai, alisimama mlangoni akaniita nikashike mfuniko.