Pingamizi la Mhakiki wa Saba

Foleni ya soseji nyeusi, zile zinazoliwa kwa jamu, katika soko la ndani la Tampere, Ufini, ilikuwa ndefu siku hiyo. Saila, ndani ya koti lake la mvua la manjano, alirudi nyuma hatua moja akamkanyaga mwanamume mrefu mwenye kofia ya sufu. Akaomba radhi. Bwana yule akamwambia asijali, mguu huo haukuwa na kazi yoyote.

Aliitwa Ilpo, mwandishi wa utamaduni na mhakiki wa gazeti moja la mjini. Saila alikuwa akiandika tasnifu ya udaktari kuhusu waandishi wa aina yake, na jinsi wanafunzi wanavyofundishwa shuleni kuwapima badala ya kuwaamini tu. Soseji hazijaisha sahanini, alikwisha mwomba mahojiano.

"Utanitaja jina?"

"Utaitwa Mhakiki wa Saba."

"Hao sita wa kwanza wanapendeza kama mimi?"

"Hawana jamu kwenye ndevu."

Mahojiano yalipokwisha, mapenzi yakaanza. Kwa miaka miwili Ilpo hakumpigia simu bila kuanza na "dhahabu yangu", na kwa Mfini hayo si maneno ya kutupa ovyo.

Siku kumi kabla ya utetezi, kama ilivyo ada, tasnifu ilipigiliwa msumari ukutani chuoni ili kila mtu aisome. Kwenye ukurasa wa mia na kumi na mbili, Mhakiki wa Saba alikiri kuwa aliwahi kusifia tamthilia aliyoitoroka katikati. Jina halikuwepo. Lakini Saila alipitiwa, akaiacha tarehe ya onyesho ibaki, na ni gazeti moja tu lililoandika habari za onyesho hilo. Wenzake Ilpo walicheka. Mhariri hakucheka, akamnyang'anya safu yake.

"Ulinificha nyuma ya namba," Ilpo alimwambia kwenye simu, "halafu ukawaonyesha nilipo."

Akakata, na tangu hapo hakupokea tena. Saila akaona haya hata kumpelekea mwaliko wa chakula cha jioni ambacho mtahiniwa huandaa baada ya utetezi kwa heshima ya mtahini wake.

Siku ikafika. Akiwa na gauni jeusi, Saila alihojiwa na mpinzani rasmi, mtahini kutoka Oslo, kwa saa mbili. Mwisho akaugeukia ukumbi na kutamka yale ambayo kila mtahiniwa hutamka: mwenye pingamizi aombe nafasi. Kwa kawaida hasimami mtu, wote wanawaza kahawa.

Ilpo akasimama. Saila aliiona miaka yake sita ya utafiti ikining'inia mdomoni mwa mtu huyo.

"Mhakiki wa Saba ni mimi. Ukurasa wa mia na kumi na mbili una tarehe isiyotakiwa kuwepo. Mtahiniwa anasemaje?"

Angeweza kumsingizia mchapaji. "Nilikosa," Saila akasema. "Nilikuahidi siri, nikaivunja kwa uzembe. Wakinipunguzia alama, nimestahili. Tarehe nitaifuta."

"Usiifute. Weka na jina langu. Niliwadanganya wasomaji, nikaona heri nikukasirikie wewe."

Profesa msimamizi akamuuliza Ilpo kama ameridhika na jibu.

"Nimeridhika. Ila, Profesa, si ndiyo ada kwamba anayepinga hadharani lazima aalikwe chakula cha jioni?"

Profesa akakubali kwamba ndivyo ilivyo. Saila, ambaye hakuna swali lililomliza siku nzima, alikuwa akifuta machozi kwa kiganja.

"Utakaa pembeni yangu," akasema. "Mpinzani rasmi atasogea."