Kucha za Fundi, Shuka za Dobi

Dobi aliipenda kazi yake. Alifua shuka za nyumba ya wageni iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kwake. Alizianika, akazipiga pasi zikiwa bado na unyevu kidogo, kisha akapanda vyumbani kutandika vitanda. Kwa kutandika, hakuna aliyemfikia. Shuka ya juu aliichomeka chini ya godoro kwa nguvu pande zote, ikakaza kama ngozi ya ngoma. Msimamizi wake alipenda kusema, "Hapa hata nzi akitua atateleza."

Kila asubuhi, kabla ya kutandika, alivua shuka zilizolaliwa. Akikuta mito miwili imebonyea, alijua kwamba watu wawili walilala pale. Zamani hilo halikumshughulisha. Siku hizi lilimchoma moyo. Kwake nyumbani mto mmoja tu ndio uliobonyea. Ule wa upande wa ukutani ulikuwa umetuna vilevile, kama ulivyotoka dukani.

Mume wake hakuwa amesafiri. Alikuwa sebuleni, juu ya mkeka.

Mume alikuwa fundi wa kupanga vigae. Kutwa alipiga magoti kwenye sakafu za watu, vidole vya miguu vimejikunja ndani ya viatu vizito. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache. Watoto wao walikuwa wakubwa, kila mmoja ameshika njia yake. Nyumba ilibaki na watu wawili, na watu wawili hao sasa walilala vyumba viwili.

Chanzo kilikuwa kucha.

Kucha za miguu za fundi zilikuwa nene, na pembe zake zilichoma kama miiba. Mwanzo zilivuta uzi mmoja wa shuka. Uzi ukawa tundu. Tundu likawa mpasuko. Dobi alishona hapa, kesho yake pakachanika pale. Halafu wakanunua godoro jipya la sponji, baada ya miaka mingi ya kulalia godoro lililobonyea katikati kama bakuli. Hazikupita wiki nyingi, dobi akaanza kufagia chembe za njano kando ya kitanda. Kucha zilikuwa zimepita kwenye shuka, zikapita kwenye kava la godoro, sasa zilikuwa zinamega sponji.

Walijaribu hiki na kile. Dobi alitandika nailoni chini ya shuka. Ikawa kila mtu akijigeuza, kitanda kinachakacha kama mfuko wa mkate, na asubuhi wote wawili wamelowa jasho. Akampa mume soksi za kulalia. Fundi alizivaa bila kubisha, lakini usingizini alizivua kwa miguu yake mwenyewe, bila kujua.

Kisha likaja lile neno.

Siku hiyo dada yake fundi alikuja na mumewe kuwatembelea. Alimkuta dobi ana sindano mkononi, anashona shuka.

"Wifi," aliuliza, "hii imechanwa na kitu kipi?"

Jogoo ana kipi nyuma ya mguu, ule mwiba wake wa kupigania. Dobi akaona neno limejileta lenyewe.

"Ndicho hicho, wifi. Kipi. Kaka yako ni jogoo, ana vipi miguuni. Mimi nalala bandani."

Wageni wakacheka mpaka chai ikamwagika. Fundi naye akacheka. Lakini alikunja vidole vya miguu, akairudisha miguu yake chini ya kiti.

Wageni walipoondoka, alichukua mkeka na blanketi.

"Nitalala sebuleni," alisema. "Godoro lipumzike."

Dobi alidhani ni mzaha. Baadaye akadhani ni hasira ya muda. Haikuwa mzaha, wala hapakuwa na hasira. Fundi alimsalimia vizuri, akala naye vizuri, akamsaidia kukunja nguo. Saa ya kulala ikifika, anatandika mkeka wake.

Dobi alipata kitanda kizima. Hakuwahi kujua ukubwa wake. Alinyoosha mkono kulia, akakuta shuka baridi. Alikosa uzito wa mtu upande ule, na ile harufu ya sabuni na saruji isiyotoka hata mtu akoge mara mbili. Shuka haikuchanika tena. Alikuwa tayari kuzitoa shuka zote kabatini, zichanwe moja baada ya nyingine, ili tu asikie mtu anajigeuza kando yake. Lakini hakujua pa kuanzia kusema.

Jirani yao alikuwa nesi katika kituo cha afya. Siku ya mapumziko alikuja kumuuliza dobi namna ya kutoa doa la dawa kwenye sare yake nyeupe. Wakaketi barazani. Nesi akaiona ile shuka yenye viraka.

"Shoga, hii imeshambuliwa na paka?"

"Paka wa miguu miwili," dobi akajibu.

Nesi akacheka. Dobi akaanza kucheka naye, lakini kicheko kikamwishia njiani. Nesi akamngoja.

"Amehamia sebuleni," dobi akasema polepole. "Kwa ajili ya kucha."

"Mmegombana?"

"Afadhali tungegombana. Ugomvi una mwisho wake. Huyu ananionea huruma mimi na godoro langu."

"Kucha hazikimbiwi, shoga. Zinatunzwa. Anazikata kwa kitu gani?"

"Sijui. Huzikata huko huko kazini."

"Basi tumwite mwenyewe."

Fundi alikuwa nyuma ya nyumba, anaosha ndoo ya saruji. Alipoambiwa aonyeshe miguu, aliiangalia kama ya mtu mwingine.

"Shemeji, miguu yangu imekosa nini?"

"Imekosa adabu kwa shuka," nesi akasema. "Kaa hapa. Mimi nimeona miguu mingi, yako haitanitisha. Kucha unakatia nini?"

Fundi akasita. Kisha akaufungua mfuko wake wa kazi, akatoa koleo fupi lenye meno makali.

"Hili ni la kukatia vigae," akaeleza. "Mahali pa kona, kigae kizima hakiingii. Unakimega kidogo kidogo."

"Na ukishakimega, ukingo wake unakuwaje?"

"Mkali sana. Lazima uusugue kwa jiwe, la sivyo utamkata mtu atakayepita pek..."

Akaishia hapo. Alilitazama koleo, akatazama vidole vyake.

"Miaka yote hii," akasema. "Sakafu za watu nazisugua. Hizi sijawahi."

"Hakuna aliyekufundisha," nesi akamwambia. "Sasa tuanze. Shoga, niletee beseni la maji ya uvuguvugu. Yasiwe ya moto. Yajaribu kwa kiwiko, kama unavyojaribu maji ya mtoto."

Maji yakaja. Fundi akatia miguu, akaona haya, akatazama pembeni.

"Kucha kavu ni ngumu, ukiikata inapasuka na kuacha ncha," nesi akaeleza. "Iloweshe kidogo kwanza, ilainike. Wakati tunangoja, niambie, umewahi kupimwa kisukari?"

"Nilipimwa pale kituoni kwenu. Sina."

"Vizuri. Nikigusa hapa unasikia?"

"Nasikia. Unanitekenya."

"Ndiyo ninachotaka. Mwenye kisukari, au mtu ambaye miguu yake imekufa ganzi, asijikate kucha mwenyewe. Anaweza kujiumiza asijue, na kidonda chake hakiponi upesi. Huyo aje kwetu tumsaidie."

Kisha akaikausha miguu kwa taulo, hata katikati ya vidole. Akatoa mkasi mdogo wa kucha kwenye mkoba.

"Huu ni mpya. Ni wako peke yako, usimwazime mtu. Koleo lirudi kwenye vigae. Tazama sasa. Unakata moja kwa moja, kushoto kwenda kulia. Usizungushe, usichimbe pembeni. Ukichimba, ukucha utaota ndani ya nyama. Usikate mpaka kwenye nyama pia, acha ukingo mdogo. Mwisho unachukua hii tupa ndogo ya kucha, unasugua pembe kwa upole, upande mmoja tu, si mbele na nyuma kama msumeno."

Fundi akaipokea tupa. Mkono wa ufundi ni mkono wa ufundi. Alisugua, akapitisha kidole gumba juu ya ukingo, akasugua tena, akapitisha.

"Shemeji, huo si ukingo wa kigae," nesi akamtania. "Inatosha."

Alipofika kwenye ukucha wa dole gumba la kulia, nesi aliutazama zaidi. Ulikuwa mnene kuliko zingine, wa manjano.

"Huu njoo nao kituoni tuuchunguze. Huenda ni fangasi. Fangasi inatibika, ila haina haraka ya kuondoka, utahitaji subira. Na viatu vyako vya kazi vianike kila jioni. Ukiona vinakubana vidole, tafuta vyenye nafasi."

Halafu akamgeukia dobi.

"Na kitanda nikione."

Dobi alimwongoza chumbani kwa fahari kidogo. Shuka ilikuwa imekaza, bila kunyanzi hata moja. Nesi akajaribu kupenyeza mkono upande wa miguuni. Mkono ukakwama.

"Mguu wa mtu unakaa wapi humu?" akauliza.

Fundi, aliyesimama mlangoni, akajibu kwa sauti ya chini.

"Nilikuwa natafuta nafasi. Ndiyo maana nilikuwa napiga mateke usingizini."

"Mbona hukuniambia?" dobi akamuuliza.

"Ningeanzaje? Watu wote wanakusifia kutandika."

Nesi akaichomoa shuka upande wa miguuni, akailegeza. "Kwa wageni kaza upendavyo. Hapa acha vidole vipumue. Shuka iliyokazwa ndiyo inayonaswa na kucha, iliyolegea inamfuata mtu anapojigeuza. Nailoni itoe, inaleta joto. Shona kava la pamba nzito, livike godoro, ulivue ulifue. Godoro lenyewe ligeuze mara kwa mara, kichwani paje miguuni, lisichakae sehemu moja. Na ukiona tundu dogo, lishone siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa..."

"Najua," dobi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Nitajenga ukuta."

Nesi alipokwenda, wawili hao wakabaki wamesimama pande mbili za kitanda.

"Lile neno langu mbele ya wifi," dobi akaanza. "Lilikuwa baya."

"Lilikuwa la kuchekesha."

"Lakini lilikuuma."

Fundi akapapasa ukingo wa kitanda. "Liliniuma kidogo," akasema.

"Nisamehe, baba. Nilitafuta kicheko, nikakupoteza wewe. Rudi ulale hapa."

"Nitarudi. Acha huu ukucha upone kwanza. Sitaki uniweke kwenye godoro halafu uanze kusikiliza nyuzi zikikatika."

Basi dobi akangoja. Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kule kwa mwanzo, maana sasa alijua anangoja nini. Alishona kava kwa kitambaa kizito cha pamba. Fundi alikwenda kituoni, akapewa dawa, akaitumia kama alivyoelekezwa. Ijumaa jioni dobi alipasha maji. Fundi aliloweka miguu, akakata, akasugua. Siku nyingine dobi aliichukua tupa mkononi mwa fundi, akaupakata mguu wake, akaumalizia yeye. Alipomaliza aliushika mguu ule muda kidogo kuliko ilivyohitajika, na fundi hakuuvuta. Kisha fundi akaenda kutandika mkeka, na dobi akaenda chumbani.

Ukucha mpya ulichipua taratibu, safi, ukiusukuma ule wa manjano mbele. Nesi aliutazama, akasema mambo yanakwenda vizuri.

Miezi ikapita, ukucha wa manjano ukaisha. Jumapili moja mchana mvua ilinyesha. Dobi alikuwa amejilaza kitandani, ameelekea dirishani. Alisikia nyayo, kisha godoro likazama upande wa ukutani. Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka, mtu yule ataomba radhi na kuondoka.

Shuka ikasogea taratibu miguuni, ikamfuata aliyeingia, haikunaswa popote. Halafu mguu ukagusa mguu wake. Ukucha ulipita juu ya ngozi yake kama mgongo wa kijiko, laini, bila ncha.

"Miguu yangu ni ya baridi," fundi akanong'ona. "Niiondoe?"

"Iache hapo hapo," dobi akasema.