Usipokee Mlio wa Kwanza

Jua lilikuwa linazama, na Evodius bado amepiga magoti chini ya meza ya ofisi ya ghala la korosho, kule Masaki ya Kisarawe, akiunganisha waya wa simu ya mezani kwenye kompyuta. Kazi yenyewe ndogo tu. Wanunuzi wa ng'ambo wanang'ang'ania faksi, mashine ya zamani imechoka, karatasi zake hazipatikani. Mwenye ghala akamwita fundi kutoka Kibaha, aiweke kompyuta izipokee yenyewe na kuzihifadhi kama mafaili.

Evodius mikono alikuwa nayo. Kilichomponza ni masikio yasiyosikia la mtu.

Aliyepokea faksi humo miaka yote ni Bi Mwanamkuu, mjane mtu mzima wa hapo hapo Masaki. Alisimama mlangoni, birika la maji ya udhu mkononi.

"Baba, ukimaliza chomoa huo waya. Simu ya magharibi humu haipokelewi mlio wa kwanza."

"Kwa nini, mama?"

"Binadamu akikuhitaji atarudia. Asiye binadamu anaita mara moja. Hata watoto tunawafundisha: ukiitwa magharibi, usiitike mpaka uitwe mara ya tatu."

Evodius akatabasamu kwa adabu. Yeye mtu wa Bukoba, Kibaha kahamia juzi tu. Mambo ya Pwani aliyaona hadithi. Tena alikuwa na haraka. Nyumbani yupo Efrazia, binti yake wa pekee, aliyerithi jina la bibi yake. Mtoto huyo ukimwita hata kwa kunong'ona, huitika "abee" huku anakuja mbio. Hiyo abee ndiyo iliyokuwa ikimtoa baba yake uchovu.

"Sawa, mama," alisema. Hakuchomoa kitu.

Programu ilimuuliza ipokee baada ya milio mingapi. Akaandika: mmoja. Ikamuuliza jina la mpokeaji. Akaandika lile analoandika kila anapojaribisha mashine yoyote. Efrazia. Alikusudia kulibadilisha baadaye.

Adhana ikaisha. Bi Mwanamkuu alikuwa kwenye mswala, nyuma ya ghala.

Kriii...

Mlio mmoja. Kompyuta ikapokea.

Evodius alisubiri ule ukelele wa faksi unaokwaruza masikio. Haukuja. Kwenye kispika kulikuwa kimya... kisha pumzi. Harufu ya maganda ya korosho yanayoungua ikajaa chumbani, na msimu wa kubangua ulikuwa bado kabisa.

"Efrazia..." sauti ikaita taratibu, kama ya mtu wa nyumbani.

Na kutoka ndani ya mashine, mbali sana:

"Abee."

Evodius akauvuta waya ukutani. Waya ukatoka, ukaning'inia mkononi mwake, na ukurasa wa faksi ukaendelea kushuka kwenye skrini, mstari kwa mstari... Kizingiti cha saruji. Kina ufa. Kilikuwa kizingiti cha nyumba yake, Kibaha. Juu yake ndala mbili ndogo, na hakuna aliyezivaa.

Alimpigia mkewe.

"Efrazia yuko wapi?"

"Si amekukimbilia wewe?" mkewe akajibu. "Nimemsikia anaitika, nikajua umefika."

Alivyoendesha pikipiki kutoka Masaki mpaka Kibaha, hata yeye hajui. Alimkuta mtoto mapajani kwa mama yake. Majirani walikuwa wamemwona amesimama barabarani peku, mzima, hana hata mchubuko. Evodius akamkumbatia, akalia mbele za watu bila aibu.

"Efrazia," alimwita.

Mtoto akamtazama tu.

Akamwita tena. Akamwita mara ya tatu.

Kimya.

Mpaka leo mtoto hajatamka neno. Hospitali wamempima koo na masikio, wameona vizima. Padre amemwombea. Anakula, anacheza, analala. Ukimwita, anakutazama kama vile unamwita mtu mwingine, na roho ya baba yake inachanika upya kila siku.

Bi Mwanamkuu hakumsuta. Alimwambia tu kwamba marehemu mumewe, Pazi, naye aliwahi kupokea mlio wa kwanza kwa mkono wake, na hakusema tena mpaka wakamzika. Nani anayepiga? Hilo hakulijua, wala hakutaka kulijua.

"Njoo uing'oe hii mashine, baba. Hapa hatuna raha tena."

Maana kila magharibi, waya ukiwa umeviringishwa juu ya meza, simu inalia mara moja. Na ile kompyuta iliyozimwa inaitika, kwa furaha, kama mtoto anayekuja mbio:

"Abee."

Evodius huenda. Kila jioni huenda, mfuko wa bisibisi begani, hukaa mbele ya ile meza na kusikiliza. Kisha hurudi Kibaha, na bisibisi hajaitoa mfukoni. Akiing'oa, mwanawe atamwitikia wapi tena?