Mawe Chini ya Ubani

Kila jioni baada ya swala ya magharibi, Habsa alikuwa na kazi yake. Aliokota makaa mekundu jikoni kwa koleo, akayapanga ndani ya chetezo cha udongo, akampelekea bibi yake Asho, ambaye wote nyumbani walimwita Ayeyo. Ayeyo alinyunyiza ubani na kufunga madirisha ili moshi ukae, na nyumba yao ya mtaa wa Wabera ikanukia mpaka wakati wa kulala.

Lakini wiki moja ya mwaka 1979, nyumba haikunukia. Ilinuka kama njiti za kiberiti zilizowashwa zote pamoja. Ndani ya chetezo kitu kilipasuka pa, pa, na mwali wa buluu ukatambaa juu ya makaa kama unaotafuta njia. Awo, mdogo wake Habsa mwenye pumu, alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi.

"Kuna mgeni humu ndani," Ayeyo alisema, akitazama pembe za chumba. "Na hakutoa salamu."

Habsa aliinamisha kichwa. Alidhani anamjua mgeni huyo.

Siku chache nyuma, yeye na rafiki yake Gumato walikwenda Burat kuokota kuni. Huko kulikuwa na kisima kilichoachwa tangu mchimbaji mmoja afukiwe ndani. Kwenye lundo la udongo kando yake, mawe ya manjano yalimetameta juani. Habsa akayajaza kwenye mtandio wake.

"Wacha, Habsa. Vitu vya kisima hiki vina mwenyewe," Gumato alionya.

"Basi mwenyewe aje anidai. Hii ni dhahabu. Nitaiyeyusha vile fundi wa bangili anayeyusha shaba, nipate vipuli vya Idi."

"Akija, usiniite mimi."

Tangu hapo Habsa alificha vipande chini ya makaa ya chetezo. Dhahabu haikudondoka. Asubuhi alikuta unga mwekundu kwenye majivu, kama damu iliyokauka. Upepo ukigusa mabati, alisikia kisima kikipumua. Alitaka kusema, lakini aliogopa kwamba yule aliyefukiwa angesikia akitajwa.

Alhamisi jioni, Awo alizidiwa. Ayeyo alimkalisha mbele ya chetezo, akachukua blanketi.

"Tutamfunika na moshi. Huyo jini atatoka, atake asitake."

Chini ya makaa hayo Habsa alikuwa ameshaweka jiwe kubwa kuliko yote, akitumaini kwamba hilo lingeyeyuka. Blanketi likashuka. Awo akakohoa ndani yake, akakohoa tena, kisha akanyamaza. Ukimya huo ulimtisha Habsa kuliko jini yeyote.

Akalivuta blanketi. "Ayeyo, ni mimi. Nimeweka mawe ya kisima cha Burat humo ndani. Kama kuna wa kuchukuliwa, nichukuliwe mimi."

Ayeyo alimbeba Awo mpaka uani, naye Habsa akatoa chetezo nje na kufungua madirisha yote. Awo alivuta hewa kwa shida, akatapika, akavuta tena.

"Jini wako ananuka," akamwambia dada yake, sauti ikikwaruza.

Asubuhi, Awo alipokwisha kutibiwa zahanati, Ayeyo alifuatana na Habsa mpaka shuleni na mawe yaliyobaki. Mwalimu Mukami wa sayansi aliweka moja juu ya makaa uwanjani, akawasimamisha wote upande upepo unakotoka.

"Si dhahabu," alisema. "Ni chuma kilichoshikana na salfa. Jiwe likichomwa kwa moto mkali, oksijeni iliyo hewani huvitenganisha. Inaungana na salfa, inakuwa gesi ya kuchoma kifua. Inaungana na chuma pia, unabaki huu unga mwekundu, ndugu wa kutu. Viwandani watu huchoma mawe hivi kwa makusudi ili wapate madini. Lakini hawachomi kwenye chumba kilichofungwa, mbele ya mtoto."

"Na mwenye kisima?" Habsa aliuliza kwa sauti ndogo.

Ayeyo ndiye aliyejibu. "Yule aliitwa Yattani. Alikufa akitafutia watu maji ya kunywa, na hajawahi kumkaba mtoto. Wewe ulijua kilichomo chetezoni, ukaniacha nipigane na jini." Alimshika bega. "Kuogopa si kosa, mjukuu wangu. Lakini niambie ukiwa bado unaogopa. Usingoje mpaka mwenzako aishiwe na pumzi."