Kibandiko cha Akiba

Mwili wa Bwana Khatib ulikuwa kitandani katika zahanati ya Ndau, mrija wa oksijeni ukiwa bado puani. Mkewe, Bi Amal, alikuwa hajauachilia mkono wake.

"Mashine ilinyamaza kwanza," alimwambia Inspekta Cherono. "Yeye akafuata. Niacheni nimzike leo."

"Utamzika, Bi Amal. Nipe nafasi kidogo."

Mhandisi Umulkheir, aliyeiunda mashine hiyo ya kupumulia, alifungua kifuniko. Ndani palikuwa na nafasi tatu za kompyuta ndogo. Moja ilikuwa tupu. Chini yake palibandikwa neno AKIBA.

"Kompyuta tatu kwa mgonjwa mmoja?"

"Hupiga kura, Afande. Moja ikikosea, mbili huishinda. Zikibaki mbili zikatofautiana, hakuna ya kuamua. Mashine hulia king'ora, ikazima."

Skrubu hazikuwa na mikwaruzo. Aliyezifungua alitumia bisibisi ya mashine yenyewe, ile inayokaa kwa muuguzi.

Cherono akamwita muuguzi, Wafula.

"Kuna kifaa kimeibwa kwenye mashine." Hakusema zaidi.

"Lakini Afande, si mbili zinatosha?"

"Nani amekuambia zimebaki mbili?"

Wafula aliutupia jicho mlango wa nyuma.

"King'ora kilipolia ulikuwa wapi?"

"Kwangu. Hapo nyuma." Akaketi sakafuni. "Ni mimi. Mashine ya mwanangu Rael iliunguza kompyuta yake. Ile ina moja tu, Afande! Moja, na ndiyo imemweka hai tangu azaliwe. Hapa ziko tatu, na moja imeandikwa akiba. Akiba si ya kuchukuliwa shida ikifika? Hata plagi ya akiba ya injini ya boti tunaazimana."

Umulkheir aliinamisha uso. "Neno hilo niliandika mimi."

Bi Amal alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Mtoto anapumua?" aliuliza.

"Anapumua, Bi."

Bi Amal akarudi kwa mumewe.

Katika nyumba ya wafanyakazi, Rael alikuwa amelala, kifua kikipanda na kushuka. Sheria ilitaka kompyuta iliyoibwa ichukuliwe kama ushahidi. Cherono aliipiga picha kompyuta ile, taa yake ya kijani ikiwaka, kisha akarudisha kifuniko.

"Itabaki hapa mpaka ulete nyingine," alimwambia Umulkheir.

Wafula alimbusu mwanawe, akanyoosha mikono kwa pingu.

Umulkheir alirudi zahanati peke yake. Nje, wanaume walikuwa wakiliinua jeneza la Khatib. Alikwaruza kibandiko kwa ukucha, herufi moja moja, mpaka neno likatoka.