Lango Lililokataa Kiingilio

Twiga wa kwanza alivuka mpaka saa mbili na robo asubuhi, na ardhi ikamtambua kabla hajafikisha hatua ya kumi. Kwenye kioo kirefu kilichosimikwa nyikani maandishi ya kijani yakawaka: MKAAJI. APITE. Nyuma yake wakaja watalii kumi na wanne kutoka Busan, bangili zao za malipo zikatetema kwa pamoja. MGENI. KIINGILIO KIMELIPWA. KARIBU.

Hapakuwa na ukuta wala kibanda cha tiketi. Hilo ndilo lilikuwa Lango Sikizi la Hifadhi ya Taifa ya Kirumbe, mwaka 2131. Chini ya nyasi, katika ukanda wa kilomita arobaini, vihisi milioni tatu vidogo kama punje za ulezi vilisikiliza mishindo ya miguu. Akili unde iliyoviunganisha ilimpima kila apitaye kwa hatua zake. Mnyama alipita bure. Binadamu aliitwa mgeni, awe wa Busan au wa Bunda, na kiingilio chake kikakatwa papo hapo. Kilichotofautiana ni kiasi tu. Foleni, risiti za kughushi, watu kufichwa chini ya viti vya magari, vyote vilikuwa vimekwisha.

Mhandisi Gesura Maisori alilijenga lango hilo kwa miaka sita. Asubuhi hiyo hakuweza kukaa kitini.

"Mpaka saa sita," Lugome, mkurugenzi wa hifadhi, alimwambia. "Mtu mmoja tu akipita bure, sitatia saini ya kulipokea lango. Mwezi ujao tunajenga ukuta."

"Hapiti mtu, Mkurugenzi."

Saa tano na nusu akatokea kikongwe mwenye fimbo na kibuyu cha maji. Aliitwa Nyangi Wankuru, wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Alitembea polepole, akakunja kushoto mahali pasipo na njia, akavuka. Bangili yake ilinyamaza. Kioo kikawaka kijani: MKAAJI. APITE.

Dereva mmoja wa watalii akacheka. "Bibi kahesabiwa twiga."

"Twiga ana shingo," Nyangi akamjibu. "Wewe una nini?"

Gesura alikuwa ameshafika mbio. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Pesa imo humu, wanangu wamenichangia. Mashine yako haiitaki?"

"Naomba urudi, uvuke tena."

Nyangi akarudi, akavuka. MKAAJI. APITE. Lugome alighadhibika, akavuka mwenyewe kuonyesha kwamba lango ni bovu. Bangili yake ikatetema. Akarudi, akavuka tena kwa kuhakikisha. Ikatetema tena.

"Mkurugenzi kalipa mara mbili," dereva akatangaza, na watu wakaangua kicheko. Amri kwamba asisamehewe mtu yeyote alikuwa ameitoa Lugome mwenyewe.

Gesura akafungua kishikwambi. Hakuwahi kuiambia akili unde mkaaji ni nani. Aliiacha isikilize wanyama miaka miwili, ikajitungia kipimo chake. Sasa akataka kujua kipimo hicho ni kipi. Jibu likaja kwa mstari mmoja: HATUA HAZISITI. ANAJUA NJIA YA MAJI.

Akatazama ramani. Chini ya nyasi ilikuwepo njia kongwe, ardhi yake imeshindiliwa, na tembo waliifuata mpaka leo. Nyangi alikuwa amekunja pale pale ilipokunja.

"Bibi, ulijuaje pa kukunja?"

"Pale mbele kuna jiwe linalokwaza kidole. Nilijifunza kulikwepa nikiwa na miaka tisa, mtungi kichwani. Kisima kilikuwa kule. Kwetu kule."

Hifadhi ilipopanuliwa mwaka 2059, kijiji chao kilipakiwa kwenye malori kwa siku mbili.

"Miaka yote hiyo hukurudi?"

"Nilifika getini mara moja. Yule wa tiketi akaniambia, karibu mgeni. Nikageuza." Nyangi akafuta jasho kwa ncha ya khanga. "Sikukataa kulipa, mjukuu wangu. Nilikataa kukaribishwa. Leo nikasema nimezeeka, nilivumilie hilo neno, nikalione jiwe la mama la kusagia."

Lugome akasogea karibu. "Hitilafu ndogo. Ifute, nitie saini twende tukale."

Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Gesura alikishusha kishikwambi.

"Si hitilafu, Mkurugenzi. Limesikia sawasawa."

"Waliohamishwa ni kaya elfu mbili. Wakija wote?"

"Watakaoijua njia watapita."

Lugome akairudisha kalamu mfukoni. "Basi anza kutafuta matofali," akasema, akaenda zake garini.

Miaka sita ilikuwa imeondoka na kalamu ile. Hata hivyo damu ilimwenda mbio Gesura kwa furaha asiyoweza kuizuia: kitu alichokiunda kwa mikono yake kilikuwa kimesikia jambo ambalo hakuna ofisi iliyowahi kulisikia. Nyangi alikuwa ameshatangulia, fimbo yake ikipasua nyasi. Gesura akamfuata.

Alipokunja kushoto, alichelewa hatua moja, akajikwaa kwenye lile jiwe la kukwaza kidole.

Mkononi bangili ikatetema. MGENI. KIINGILIO KIMELIPWA. KARIBU.