Tundu la Mashariki

Kraaa! Sauti ya kitambaa kizito kikipasuka ilimfikia Konstebo Jakamarra barazani mwa kituo cha polisi cha kijiji, kikombe cha chai mkononi. Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Akadhani kuna mtu anachana shuka. Dakika ishirini baadaye Nampijinpa, binamu ya mkewe, akatoka mbio bandani mwa wachoraji.

"Wameliua! Turubai la shangazi wameliua!"

Turubai lenye mchoro wa Simulizi ya Mvua lilikuwa sakafuni, limechanwa vipande vinne. Nangala, mwenye simulizi hiyo kwa urithi, alilichora kwa miezi miwili. Saa moja lilikuwa lipakiwe garini kwenda mjini, na Alhamisi jaji alitazame kabla ya kuamua dimbwi la jangwani ni la nani: la ukoo wa Nangala, au la Haig, mwenye ranchi. Ukoo haukuwa na hati nyingine ya ardhi.

Jakamarra alipiga magoti, akaunganisha vipande. Mistari ya mvua ikakutana, miduara ya maji ikakutana, na alama za watu walioketi, kila moja imepinda kama kwato ya farasi, nazo zikakutana. Upande wa mashariki tu ulibaki tundu la ukubwa wa sahani, limekatwa taratibu kwa kisu. Ukingoni mwake palikuwa na nukta nyeupe. Akazigusa. Kidole kikatoka cheupe.

Nje kulikuwa na alama za magurudumu ya gari la Haig. Saa moja kasoro dakika kumi alimkuta kwenye pampu ya mafuta, akamleta kituoni, akamwonyesha vile vipande.

"Nilikuja kununua dizeli," Haig alifoka. "Tangu lini ni kosa?"

"Ulipita bandani."

"Nilipita barabarani! Sikiliza wewe. Ningetaka tambara hili lipotee, ningelichoma na banda lake. Nikae nikate duara kama fundi cherehani? Miduara yenu yote naona sawa!"

Jakamarra alimfungia hata hivyo. Huyu ndiye aliyewapiga risasi mbwa wa kijiji mwaka jana, na mkono ulikuwa ukimwasha. Lakini ufunguo ulipozunguka, maneno yale yalimrudia. Mgeni angejuaje duara la kuchagua kati ya thelathini?

Saa tatu alimketisha Nampijinpa.

"Nyoosha mikono."

Kwenye kucha kulikuwa na rangi nyeupe.

"Turubai lilimalizika wiki tatu zilizopita. Rangi hii ya lini?"

"Shemeji, usinitazame hivyo."

"Ya lini?"

"Ya jana jioni! Wakili alisema jaji anataka jambo zito, aone kwamba pale tunapajua. Nikaongeza. Kidogo tu."

"Nini?"

Nampijinpa akakunja ngumi kuficha kucha. Halikuwa jambo la masikio ya mwanamume.

"Nani alikuruhusu?"

"Hakuna."

"Kisha ukaingiwa na hofu, ukalichana."

"Nichane nchi yetu kwa mikono yangu? Una wazimu, shemeji?"

Alibaki Nangala. Huyo alikuwa mama mkwe wake, na kwa mila yao mtu hasemi na mama mkwe wala hamtazami. Jakamarra alikwenda kuketi hatua ishirini kutoka kwake, akampa mgongo, akasikia vidole vikipigapiga mchanga. Alipomsikia ameondoka, akasogea kusoma alichochorewa mchangani.

Palikuwa na duara. Kando yake palikuwa na kwato kubwa yenye kijiti cha kuchimbia ubavuni: mwanamke ameketi. Mapajani mwake, kwato ndogo. Kutoka kwa ile ndogo, nyayo zilikwenda mpaka kwenye duara, na duara lilikuwa limekatwa.

Nangala alizaa mara moja tu. Jakamarra akafuta mchanga kwa buti.

Alimkuta mkewe, Napaljarri, akikanda mkate. Nyuma ya kizuizi cha upepo, mama mkwe alikohoa.

"Kisu kiko wapi?"

"Hiki hapa. Unataka kukata mkate?"

"Nimemfungia mtu kwa ajili yako!"

"Mwache akae. Mbwa wangu hawakupewa hata saa moja."

"Napaljarri!"

"Sauti ya kituoni iache kituoni! Mama ndiye mwenye simulizi, anachora. Mimi ndimi mlinzi, naketi kando yake na kukagua kila nukta. Kazi hiyo sikuiomba, nimezaliwa nayo. Leo alfajiri nakwenda kuliaga, nakuta kilichoongezwa. Cha wanawake, cha palepale dimbwini. Kesho kingekuwa machoni pa mji mzima."

"Ungepaka rangi juu yake."

"Rangi inaficha, haifuti. Nimekikata, nimekitia motoni."

"Na kuchana lililobaki?"

Mikono yake ikasimama kwenye unga. "Tundu peke yake lingezua maswali. Wangemfikisha binamu yangu mbele ya wazee, na unajua adhabu yake. Nilitaka waone vurugu, wasione tundu."

"Mimi nimeliona."

"Wewe na pua yako ndefu. Na sasa utaniuliza ilikuwa alama gani?"

Fomu ya ripoti ilikuwa mfukoni, na mstari wa kueleza kilichokatwa ulikuwa bado mtupu. Jakamarra alimtazama mkewe machoni, lakini akapaza sauti ivuke kizuizi cha upepo, mama mkwe naye asikie.

"Haig namfungulia sasa hivi na kumwomba radhi, ingawa itaniuma. Jina lako nitaliandika, kwa kuwa ni wewe. Alama sitaiuliza, hata wanivue magwanda. Na Alhamisi nitamleta jaji mpaka dimbwini, hata nikimbeba mgongoni. Mama atamwonyesha kile anachotaka kionekane, nawe utaketi kando yake. Nakuahidi, Napaljarri."